Maadili ya Utafiti na Takwimu za Awali katika Saikolojia: Maswali ya Watafiti Wanaokuja Kigoma

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa saikolojia, ustawi wa jamii na afya ya jamii wanaofika mkoani Kigoma kukusanya data za tasnifu zao. Wengine hutoka vyuo vya Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na wengine ni wenyeji waliorudi nyumbani kwa miezi miwili ya fildi. Maswali yao hufanana, na mengi huulizwa wakati dodoso limekwisha kuchapishwa na nauli imekwisha kulipwa, yaani wakati marekebisho ni magumu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili msomaji ayapate mapema zaidi.

Kwa nini unaweka maadili na takwimu mahali pamoja? Chuoni ni kozi mbili tofauti.

Kwa sababu mbele ya mtafitiwa ni kitu kimoja. Mama wa Katonga anapoacha dagaa wake juani na kukaa nawe saa nzima, akikueleza kwamba tangu mumewe afariki hapati usingizi, amekupa muda wake, siri yake na machungu yake. Ikiwa sampuli yako ni ndogo kiasi kwamba swali lako halikuwa na uwezekano wa kujibiwa tangu mwanzo, au ikiwa umechagua kipimo kisichopima kile unachodai kukipima, basi umechukua vitu hivyo vyote na hukuvitumia kwa lolote. Kosa hilo ni la hesabu, lakini aliyelilipia ni mtu.

Ripoti ya Belmont, iliyotolewa Marekani mwaka 1979, iliweka misingi mitatu inayofundishwa hadi leo: kuwaheshimu watu, kuwatendea mema, na haki. Ripoti hiyo ilizaliwa na aibu kubwa. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuelezwa ugonjwa wao, waliambiwa tu kwamba wana «damu mbaya», na hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940 hawakupewa. Ukisoma habari hiyo taratibu utaona kwamba hakuna aliyeamka asubuhi akakusudia ukatili. Kulikuwa na watu waliojali jedwali lao kuliko waliomo ndani ya jedwali.

Nahitaji vibali gani kabla ya kumhoji mtu wa kwanza?

Kwanza, idhini ya kamati ya maadili. Utafiti unaogusa afya, ikiwa ni pamoja na afya ya akili, hupitiwa na kamati ya chuo chako au na kamati ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Pili, barua za utambulisho, ambazo hushuka ngazi kwa ngazi: kutoka chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi kwa kudhani kwamba mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mdogo, kwa maana yeye ndiye atakayeulizwa na majirani wewe ni nani. Tenga wiki mbili au zaidi kwa barua peke yake.

Mtendaji amekubali na amewaita watu. Je, hiyo si ridhaa?

Si ridhaa. Mtendaji amekuruhusu kuingia. Kuzungumza au kutozungumza ni uamuzi wa kila mmoja, na ni yeye mwenyewe anayekubali au kukataa. Hapa ndipo watafiti wengi huteleza bila kujua, kwa sababu kijijini mtu aliyeitwa na mtendaji huja, huketi, na hujibu, na utulivu wake huonekana kama kukubali. Kigoma, kama sehemu nyingi za nchi, adabu humzuia mtu kumwambia mgeni «hapana» usoni. Atakuambia «njoo kesho», au atasema «sawa» kisha ajibu kila swali kwa «ndiyo».

Kwa hiyo nawashauri wafanye mambo mawili. Mtendaji akishakutambulisha, mwombe kwa heshima aondoke, kisha uonane na kila mtu peke yake mahali ambapo sauti haisikiki. Na unapoomba ridhaa, mpe mtu njia ya kukataa isiyomvunjia heshima: «Mama, wapo waliosema leo hawana nafasi, na hatukuwaandika popote. Nawe ukipenda kusema hivyo, hakuna atakayejua.» Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi hapo una thamani kuliko ukurasa mzima wa fomu.

Mzee hajui kusoma, na anaogopa kuweka sahihi. Nifanyeje?

Soma maelezo kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti. Mzee aweke dole gumba na shahidi atie sahihi. Ikiwa karatasi yenyewe ndiyo inayotisha, na hofu hiyo ina sababu kwa watu waliowahi kutia sahihi hati za ardhi au za mikopo wasizozielewa, iombe kamati ya maadili ikuruhusu kuchukua ridhaa ya mdomo, iliyorekodiwa au kushuhudiwa. Kamati nyingi hukubali ukieleza sababu mapema. Jambo usilolifanya ni kukusanya sahihi mwishoni mwa siku kana kwamba ni mahudhurio ya semina.

Kabla ya kuanza, muulize akueleze kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini. Akisema, «Mmekuja kutuletea mkopo,» bado hajaridhia chochote. Anza upya.

Nataka kuwahoji wanafunzi wa sekondari. Je, barua ya mkuu wa shule inatosha?

Haitoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hivyo ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye aulizwe kama anataka. Mzazi akikubali na mtoto akikataa, neno la mtoto ndilo linalosimama. Usigawe madodoso darasani huku mwalimu wa nidhamu amesimama mlangoni.

Naweza kuwaficha washiriki lengo la utafiti ili wasibadili majibu?

Swali hili lina historia ndefu. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaambia washiriki kwamba wanasaidia utafiti wa kumbukumbu, huku akipima utii wao. Katika toleo alilolichapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifuata amri hadi swichi ya mwisho ya volti 450, wakiamini kuwa wanamuumiza mtu aliyekuwa chumba cha pili, kumbe hakuna umeme uliompata. Tulijifunza mengi, lakini baadhi ya washiriki walitetemeka na kutokwa jasho, na walipoomba kuacha waliambiwa waendelee. Haki ya kujitoa wakati wowote, ambayo leo ni mstari wa kawaida katika kila fomu, ndiyo waliyonyimwa pale.

Jibu langu ni hili. Kutotaja nadharia tete yako yote, yaani dhana unayotaka kuijaribu, si kosa. Unaweza kusema «tunachunguza maisha ya kila siku ya wavuvi» bila kusema unatarajia nini. Lakini kumdanganya mtu juu ya jambo ambalo angelijua asingekubali kushiriki ni kumnyang'anya ridhaa. Kamati ikiruhusu uficho wa kiasi, ni lazima umweleze mshiriki ukweli mara baada ya zoezi na kumpa nafasi ya kuyaondoa majibu yake. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza sioni kabisa sababu ya kuficha.

Na kambini je? Nimepata mada kuhusu msongo wa mawazo kwa wakimbizi.

Kuingia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya watu waliotoka Kongo, au Nduta, wilayani Kibondo, kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nacho ni juu ya vibali vingine vyote. Lakini kibali ndilo jambo jepesi.

Jambo zito ni kwamba mtu wa kambini amekwisha kuhojiwa mara nyingi, na mara nyingi mahojiano yaliamua kitu: kadi, mgawo wa chakula, nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine. Wewe unapofika na karatasi na kalamu, hujitofautishi na wale. Anaweza kuzidisha mateso yake akidhani yatamsaidia, au kuyaficha akihofu yatamponza, na katika hali zote mbili amejibu mtu mwingine asiye wewe. Mwambie waziwazi, zaidi ya mara moja, kwamba huna uwezo wa kubadili mgawo wala kesi yake, na kwamba jibu lake halitafika kwa wanaoamua. Muulize kwanza kama amewahi kueleza habari hizo kwa mtu mwingine, na kama kuzieleza tena kutamchosha. Na ikiwa swali lako lingeweza kujibiwa na wakazi wa Mwanga au Mwandiga, wahoji hao. Haki katika utafiti ina maana pia ya kutowabebesha mzigo watu fulani kwa sababu tu wamekusanyika mahali pamoja na hawana pa kwenda.

Nimpe mshiriki posho?

Mfidie nauli na muda wake kwa kiasi kinacholingana na alichopoteza, basi. Kiasi kikubwa kuliko pato la siku humfanya aliyetaka kukataa ashindwe kukataa. Na mlipe hata akijitoa katikati.

Dodoso langu lina swali la mawazo ya kujiua. Mtu akijibu «ndiyo» nifanye nini?

Wengi hutumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa inayodumu), ambalo kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ikiwa 0 hadi 27. Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nimewahi kupokea furushi la madodoso yaliyojazwa wiki tatu kabla, na ndani yake wanne walikuwa wamejibu swali hilo kwa alama 3, yaani karibu kila siku. Hakuna aliyewatazama. Mkusanyaji aliandika namba, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Majina hayakuwepo kwenye karatasi, kwa hiyo hatukuweza kurudi. Sijasahau jambo hilo, na ndilo lililonifanya nisikubali tena kumsaidia mtu yeyote ambaye hajaandika mpango wake kwa ajili ya swali la tisa.

Mpango huo uwe na mambo ya vitendo. Mkusanyaji alipitie swali la tisa hapohapo kabla hajainuka. Ajue jinsi ya kuuliza kwa upole kama mtu ana mpango wa kujidhuru na kama yuko peke yake nyumbani. Awe na namba ya simu ya mtaalamu aliyekwisha kuombwa na kukubali kabla ya utafiti kuanza, katika kituo cha afya cha karibu au katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Fomu ya ridhaa iseme mapema kwamba usiri una mpaka pale maisha yanapokuwa hatarini, na iseme ni nani atakayeambiwa. Hilo la mwisho lina uzito hapa kwetu, kwa sababu Kanuni ya Adhabu imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu anayekufunulia jambo hilo anahitaji kujua kwamba unampeleka kwa tabibu. Ikiwa huwezi kuandaa haya yote, liondoe swali. Toleo la maswali manane lipo na linakubalika.

Nimepata dodoso la Kiingereza na nimelitafsiri mwenyewe. Kuna tatizo?

Lipo. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, irudishwe katika lugha ya kwanza na mtu mwingine asiyeliona dodoso la mwanzo, kisha wawili hao waketi pamoja na mtu wa mahali penyewe. Usishangae kama neno moja litakula asubuhi nzima. Mtu akisema «nina mawazo», hasemi kwamba anafikiri. Anasema ana mzigo. Neno «sonona», ambalo wataalamu wamelizoea, wengi sokoni hawalijui. Na vijijini Kasulu na Buhigwe wapo wazee ambao Kiswahili chao ni cha kuuzia na kununulia, huku huzuni yao ikikaa katika Kiha. Ukitumia mkalimani, naye aape usiri, na asiwe jirani wala mkwe wa anayehojiwa.

Kuna suala la ndani zaidi. Mwaka 2010 watafiti Henrich, Heine na Norenzayan waliandika kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa saikolojia imetokana na watu wa jamii za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu vyao. Kwa hiyo mpaka wa alama 10 kwenye PHQ-9, unaotumiwa kuonyesha uwezekano wa sonona ya kiasi, usichukuliwe kama kipimo cha joto la mwili. Tafuta toleo lililokwisha kupimwa kwa wasemaji wa Kiswahili, na bado ulijaribu kwa watu ishirini au thelathini kabla ya kazi yenyewe.

Kila tasnifu niliyoisoma ina sampuli ya watu 384. Nitumie hiyo?

Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ukitaka kukadiria asilimia ya watu wenye hali fulani, kwa kosa la asilimia 5 juu au chini na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, na ukiwa hujui asilimia hiyo hivyo ukachukua nusu kwa nusu, hesabu hutoa 384. Inajibu swali hilo, na inadai kwamba kila mtu alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kama swali lako ni kulinganisha makundi mawili, hesabu ni nyingine: tofauti ya kiasi cha kati baina ya wastani wa makundi hayo, ambayo mwanatakwimu Jacob Cohen aliipa ukubwa wa 0.5 (yaani nusu ya mkengeuko sanifu, nitakaoueleza chini), huhitaji watu wapatao 64 katika kila kundi ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona. Tofauti ndogo ya 0.2 huhitaji takribani 390 katika kila kundi.

Kuna jambo linalosahauliwa karibu na kila mwanafunzi ninayekutana naye. Tuseme umechagua vijiji 20 na kuhoji watu 20 kila kijiji, jumla 400. Watu wa kijiji kimoja hufanana: wanakunywa maji yaleyale, wanauza katika soko lilelile, wamezika pamoja. Ikiwa kufanana kwao ni kidogo tu, tuseme 0.05 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, sampuli yako hupungua nguvu kwa kugawanywa na 1 + (19 × 0.05), yaani 1.95; 19 ni wale 20 wa kijiji kimoja ukitoa mmoja. Watu wako 400 wana uzito wa watu 205 hivi. Ni afadhali kwenda vijiji vingi zaidi na kuhoji wachache kila kijiji, ingawa nauli itaongezeka.

Nimewahoji wavuvi 100 Kibirizi. Je, naweza kusema «wavuvi wa Kigoma»?

Uliwahoji lini? Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza na kuwavuta samaki kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, wengi hupumzika. Ukija wakati wa mbalamwezi utawakuta ufukweni, wana nafasi ya kuzungumza, lakini pia wana siku kadhaa bila pato. Ukija wakati wa giza utawakuta wamechoka, na wale walio tayari kukaa nawe ni wale ambao hawakutoka: wagonjwa, wasio na mtumbwi, waliogombana na tajiri wao. Umepima hali ya moyo au umepima mwezi? Na aliyekusanya data kati ya Mei na Agosti 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, amekutana na wavuvi wa kipindi kisichofanana na siku za kawaida.

Andika tarehe, andika hali ya mwezi, gawanya siku zako katika vipindi vyote viwili, na katika hitimisho sema «wavuvi waliokuwepo Kibirizi katika wiki hizo» ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aibu katika dai dogo lililo kweli.

Sisi wa mkoa huu tuna somo jingine karibu. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuangalia sokwe, na baadaye ndizi ziliwekwa ili wasogee karibu. Wanasayansi wengine walikuja kuhoji ni kiasi gani cha ugomvi ulioonekana pale kilitokana na ndizi zenyewe. Goodall na wenzake walipunguza ulishaji baada ya kuona sokwe wanavyogombana. Dodoso lako nalo ni ndizi. Kuwepo kwako, mavazi yako, na soda uliyoinunua vinabadili unachokiona.

Nitoe wastani au mediani?

Angalia data kwanza. Huu ni mfano wa kutunga: pato la siku la watu kumi wa mwaloni, yaani ufukweni samaki wanapopokelewa, kwa maelfu ya shilingi, ni 6, 7, 8, 8, 9, 10, 10, 12, 15 na 115. Huyo wa mwisho ndiye mwenye mitumbwi. Jumla ni 200, wastani ni shilingi 20,000, na watu tisa kati ya kumi wako chini yake. Mediani, yaani thamani ya katikati ukiwapanga kwa mfuatano, ni shilingi 9,500. Ukiandika kwamba mvuvi wa kawaida anapata 20,000 kwa siku, hukukosea kujumlisha, ila umewasemea watu tisa uongo. Pato, idadi ya siku za ugonjwa, na muda wa kungoja huduma mara nyingi hudai mediani.

Na mkengeuko sanifu una kazi gani?

Unaonyesha watu wametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Chukua makundi mawili ya watu watano kwenye PHQ-9. La kwanza: 8, 9, 10, 11, 12. La pili: 0, 2, 10, 18, 20. Yote yana wastani wa 10. Mkengeuko sanifu wa kwanza ni karibu 1.6 na wa pili ni karibu 9.1. Kundi la kwanza lina watu wenye hali inayofanana. La pili lina wawili walio salama na wawili wanaohitaji kuonwa leo. Wastani peke yake ungewaficha hao wawili. Usitoe wastani bila mwenzake.

Thamani ya p yangu ni 0.04. Je, nadharia tete yangu ni kweli kwa asilimia 96?

Hapana, na kosa hili nimelikuta hata katika kazi zilizokwisha kupitishwa. Thamani ya p inajibu swali hili: kama kusingekuwa na tofauti yoyote, na kama masharti ya kipimo yametimia, ni mara ngapi ningepata data yenye tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu? Hapo jibu ni mara 4 katika 100. Haisemi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli, wala haisemi tofauti ni kubwa. Mpaka wa 0.05 ulienezwa na mwanatakwimu Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwa kuwa ulifaa kwa matumizi, na Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kuonya dhidi ya kufanya uamuzi kwa mpaka huo peke yake. Toa p, toa ukubwa wa tofauti, toa na masafa ya uhakika, yaani kati ya namba ipi na ipi tofauti ya kweli inaweza kuwa.

Hatari kubwa ni ya kujaribu mara nyingi. Ukipima uhusiano 20 katika data isiyo na uhusiano wowote, uwezekano wa kupata angalau mmoja ulio chini ya 0.05 ni asilimia 64, ikiwa vipimo havitegemeani. Ukiripoti huo mmoja na kunyamazia 19, umetengeneza ugunduzi. Madhara yake yalionekana mwaka 2015, watafiti walipoungana kurudia tafiti 100 za saikolojia: katika za awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo chini ya 0.05, katika marudio asilimia 36. Andika kabla ya fildi ni vipimo vipi utafanya, mpe msimamizi wako nakala yenye tarehe, na vingine vyote uviite vya uchunguzi.

Korelesheni ya 0.45 kati ya simu na wasiwasi inaonyesha simu inaleta wasiwasi?

Inaonyesha vinakwenda pamoja. Huenda mwenye wasiwasi hukimbilia simu. Huenda ukosefu wa ajira unaleta vyote viwili. Acha neno «inasababisha» mpaka muundo wa utafiti wako uwe na uwezo wa kulibeba.

Naweza kuwaambia waliopata alama za juu kwamba wana sonona?

Usifanye hivyo. Tuseme kijiji kina watu 1,000 na 100 kati yao wana sonona. Kipimo chako kinawatambua 80 kati ya wagonjwa 100, na kinawaacha huru 720 kati ya wazima 900. Basi kitawanyooshea kidole wazima 180. Waliotajwa ni 260, na wagonjwa wa kweli ni 80 tu, chini ya theluthi moja. Dodoso huchuja, na uthibitisho hutolewa na mtaalamu aliyeketi na mtu. Neno hilo likitoka kinywani mwa mwanafunzi mwenye kitambulisho shingoni, mtaa mzima utalijua kabla ya jioni, na wewe utakuwa umepanda basi.

Madodoso 12 yamerudi na mapengo. Msaidizi wangu anasema tuyajaze «kwa kukadiria».

Kataa. Kujaza ukiwa chini ya mwembe ni kughushi, iwe dodoso zima au swali moja. Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii huko Tilburg, Uholanzi, alifichuliwa mwaka 2011 kuwa alitunga data kwa miaka. Makala zake nyingi zilifutwa, na waliokuwa wanafunzi wake walikuta tasnifu zao zimejengwa juu ya namba zisizo na watu. Pengo ni taarifa. Wote 12 wakiwa wameruka swali la ukatili wa nyumbani, hilo lenyewe linakuambia kitu kuhusu nani alikuwa amekaa karibu nao. Ripoti idadi ya mapengo na eleza ulivyoyashughulikia. Na mlipe msaidizi kwa siku badala ya kumlipa kwa dodoso, kwa kuwa anayelipwa kwa karatasi anashawishika kuzalisha karatasi.

Data yangu iko kwenye simu. Ni salama?

Tenganisha majina na majibu: orodha moja ina jina na namba ya siri, nyingine ina namba ya siri na majibu, nazo zisikae kifaa kimoja. Weka nywila, na usitume picha za madodoso kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kumbuka pia kwamba kufuta jina hakutoshi mahali padogo: «mwalimu wa kike, miaka 52, mjane, shule ya msingi» katika kijiji chenye shule moja ni sawa na kumtaja.

Je, ni lazima nirudi kuwaeleza wananchi nilichokipata?

Nakuomba urudi. Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wenyeviti wa vijiji ni haya: «Wanakuja, wanauliza, hawarudi.» Huhitaji tasnifu nzima. Andaa karatasi moja ya Kiswahili chepesi, useme ulihoji watu wangapi, ulipata nini, na nini hukuweza kujua. Asilimia zigeuze kuwa watu, «watatu katika kila kumi», kwa maana namba hiyo mtu anaweza kuihesabu kwa vidole akiwa ameketi mkutanoni. Usitaje kitongoji kilichoonekana kuwa na hali mbaya zaidi. Kama nauli ya kurudi haipo, tuma karatasi hiyo kwa mtendaji na umpigie simu mwenyekiti siku ya mkutano wa kijiji, aisome. Gharama hiyo iandike kwenye bajeti tangu pendekezo la utafiti, pamoja na ya kuchapisha madodoso.